Tiketi ya Kuingia Stoo ya Mama

Signora, yaani bibi wa Kiitaliano ninayemtunza, ana umri wa miaka 81, na amekataa katakata kupanda nami Rione Terra, mtaa wa kale ulio juu ya mwamba hapa Pozzuoli. Nimemwomba mara tatu. Mara ya kwanza alisingizia goti, mara ya pili akasingizia jua. Mara ya tatu nikamwambia nitamsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka juu, na tiketi nitakata mimi. Akaweka kikombe cha kahawa mezani, akanitazama.

"Binti yangu," akasema, "mimi sitakatiwa tiketi ya kuingia stoo ya mama yangu."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeishi Pozzuoli miaka miwili, nimeuzunguka mji nikiwa na kitabu cha historia mkobani, nikiamini naujua. Kumbe nilikuwa naujua kwa upande mmoja tu, upande wa mawe.

Pozzuoli uko pwani, magharibi mwa Napoli, safari fupi kwa treni. Kuna bandari yenye feri za kwenda visiwa vya Procida na Ischia, kuna soko la samaki, kuna wazee wanaokaa kwenye mabenchi wakibishana tangu asubuhi. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa mji kama huu. Mimi ni wa Malindi, na Kiitaliano nilikianza utotoni ufukweni, kwa sababu kwetu Waitaliano ni wengi na mtoto anayeuza maembe hujua kutaja bei kwa lugha yao kabla hajafika darasa la tatu. Nilipokuja huku kwa kazi ya kutunza wazee, lugha haikunisumbua. Kilichonisumbua ni ardhi, maana ardhi ya hapa haitulii.

Juu ya bandari kuna mwamba ulioingia baharini, wa jiwe la manjano liitwalo tufu, yaani majivu ya volkeno yaliyoshikana mpaka yakawa jiwe. Kutoka majini hadi juu ni kama mita 33. Hapo juu ndipo Rione Terra, na hapo ndipo mji ulipoanzia. Wagiriki waliokimbia utawala wa kidhalimu kisiwani Samos walijenga hapo katika karne ya 6 KK, wakapaita Dicearchia, maana yake utawala wa haki. Warumi wakaleta walowezi wao mwaka 194 KK, na jina likawa Puteoli. Wako wanaosema jina hilo limetokana na visima, na wako wanaosema limetokana na uvundo, kwa kuwa salfa inafuka ardhini na upepo ukigeuka harufu yake huingia hadi jikoni. Signora yuko upande wa uvundo.

Nilipanda peke yangu Jumamosi moja ya Oktoba. Unaingia kwa mlango wa kawaida kabisa, unashuka ngazi, baridi inakupokea. Macho yakishazoea giza unagundua umesimama barabarani. Ni barabara kweli: mawe makubwa yaliyolainishwa na magurudumu, mfereji wa maji pembeni, milango ya maduka kushoto na kulia. Mahali ambapo pangekuwa na anga, juu ya kichwa chako kuna misingi ya nyumba za karne ya 17. Waliokuja baadaye hawakuubomoa mji wa chini. Waliujaza vifusi, wakaukalia, na vyumba vilivyobaki na nafasi wakavifanya visima, stoo na majalala. Katika chumba kimoja kuna tanuri la mwokaji mikate na mawe ya kusagia ya lava, yenye kiuno kama ngoma, yaliyokuwa yakizungushwa na punda au na watumwa. Ukutani unaona vijiwe vidogo vya tufu vilivyopangwa mshazari kama macho ya wavu wa kuvulia. Niliweka kiganja juu yake nikamkumbuka baba.

Baba yangu alikuwa mwashi. Nusu ya utoto wangu niliupitisha nikimpelekea chakula mahali pa kazi, kwenye majumba ya wageni yaliyokuwa yakichipuka kando ya bahari, na nilikuwa nikikalia mifuko ya saruji kumsubiri amalize mstari wa mawe. Kwenye karatasi ya mfuko, chini ya jina la kampuni, paliandikwa neno Pozzolana. Nilidhani ni aina ya nembo tu. Miaka ikapita, nikashuka treni kwenye kituo cha mji ambao jina lake lilinigusa sikio, na ndipo nikaelewa kwamba neno lile la kwenye mfuko wa baba limetoka hapa.

Pozolana ni vumbi la volkeno la Puteoli. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi aliyeandika zama za mfalme Augusto, alilieleza kwa mshangao wa fundi: ni unga ambao kwa asili yake hufanya mambo ya ajabu, kwani ukichanganywa na chokaa na mawe hushikana hata chini ya maji. Kwa ujenzi wa baharini alitaja kipimo, sehemu mbili za unga huo kwa sehemu moja ya chokaa. Chokaa peke yake ikitiwa majini husambaa. Lakini vumbi hili lina madini, silika na alumina, ya aina inayoamka ikikutana na chokaa na maji, na vikishikamana huwa jiwe. Wajenzi walizamisha makasha ya mbao baharini, wakayajaza mchanganyiko na mawe, na bahari yenyewe ikasaidia kuugandisha. Herode Mkuu alipojenga bandari yake ya Kaisaria, kule Palestina, vumbi lililotumika lilitoka huku kwenye ghuba ya Napoli. Merikebu zilivuka bahari nzima zikiwa zimebeba majivu. Na mfuko wa baba ulikuwa na majivu ya volkeno za Kenya, yanayochanganywa kiwandani kwa sababu ileile. Jina tu ndilo lililosafiri.

Kuna jambo jingine ambalo baba angelifurahia kuliko yote. Pozzuoli kulipatikana jiwe lenye mkataba wa ujenzi wa mwaka 105 KK, ambao nakala yake sasa iko katika makumbusho ya akiolojia ya Napoli. Kazi ni ndogo: ukuta mbele ya hekalu la Serapi, mungu wa Kimisri, ng'ambo ya barabara, uwe na mlango wa upana wa futi 6 na urefu wa futi 7. Lakini wazee wa mji hawakuacha kitu. Chokaa iliyozimwa iwe robo ya mchanganyiko. Jiwe la kujengea likiwa kavu lisizidi ratili 15. Boriti ziwe za mti mgumu. Kazi ikaguliwe na wazee wasiopungua ishirini. Na malipo? Nusu mwanzoni, mdhamini akishaweka rehani, na nusu ya pili kazi ikikamilika na kukubaliwa. Fundi aliitwa Gaio Blossius, bei ilikuwa sarafu za Kirumi ziitwazo sesterce 1,500, na mdhamini ni yeye mwenyewe.

Nilisoma mkataba huo nikitafsiri kichwani, na kila kifungu nilikisikia kwa sauti ya baba akipatana na mwenye nyumba chini ya mwembe. Nusu sasa, nusu tukimaliza. Natamani kujua kama Blossius alilipwa ile nusu ya pili kwa wakati. Baba mara nyingi hakulipwa.

Mji uliojengwa kwa vumbi hilo ulikuja kuwa bandari kuu ya Roma. Leo ukisema bandari ya Roma watu hutaja Ostia, lakini kwa muda mrefu meli kubwa za ngano kutoka Aleksandria zilitia nanga hapa, maana Ostia maji yalikuwa machache na mchanga mwingi. Mshairi Lucilius aliuita Puteoli Delos ndogo, akiufananisha na kisiwa cha Kigiriki kilichokuwa soko la dunia yao. Mwanafalsafa Seneca ameandika barua akieleza siku meli za mbele zilipoonekana, zile zilizotangulia kutangaza kwamba kundi la Aleksandria linakuja. Mji mzima ulikimbilia gatini, na watu walizitambua kwa tanga lake la juu, kwa sababu meli nyingine zilitakiwa kulishusha zikikaribia bandari. Yeyote aliyewahi kusimama bandarini akitazama matanga ya jahazi analolisubiri anaijua barua hiyo bila kuisoma.

Gati lenyewe halikuwa ukuta mzima. Lilikuwa na nguzo 15 nene zilizosimama baharini, zikiunganishwa kwa matao, ili maji yapite chini na mchanga usijae. Tunajua sura yake kwa sababu wageni walinunua chupa za kioo zilizochorwa mandhari ya mji huu, wakaondoka nazo kama kumbukumbu, na chupa hizo zimefukuliwa mpaka Ureno. Gati la leo limejengwa juu ya lile la zamani. Ninapomsindikiza Signora kutembea jioni, tunatembea juu ya mgongo wa Warumi bila kuuona.

Mwaka 1959, wakati wa kujenga barabara kuu karibu na Pompei, vilipatikana vibao vya mbao vilivyopakwa nta. Zilikuwa hesabu za Sulpicii, wakopeshaji fedha wa Puteoli. Katika vibao hivyo yumo mfanyabiashara wa nafaka aitwaye Gaio Novius Eunus. Juni mwaka 37 BK alikopa sesterce 10,000, na mwezi uliofuata akarudi kuongeza deni. Rehani yake ilikuwa vipimo 7,000 vya ngano ya Aleksandria, pamoja na magunia 200 ya dengu na nafaka nyingine, vyote vikiwa katika ghala la umma la mji, ambalo kodi yake ilikuwa sesterce moja kwa mwezi. Aliyempa fedha mkononi alikuwa mtumwa, akimfanyia kazi bwana wake. Na Eunus aliandika mwenyewe, kwa tahajia iliyopinda, akiandika Kilatini kama alivyokisema mtaani. Wataalamu wa lugha wanakipenda kibao hicho kwa sababu hiyo. Mimi nakipenda kwa sababu naiona hofu ya mtu mwenye deni la pili kabla hajalipa la kwanza.

Si Aleksandria peke yake iliyofika hapa. Chini ya maji, mbele kidogo ya ufuko, kuna hekalu la Wanabataya, wale wafanyabiashara wa Uarabuni waliokuwa na mji wa Petra na waliosafirisha ubani na manemane. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba madhabahu mbili zaidi za hekalu hilo zimeonekana zikiwa zimesimama mahali pake, ndani ya bahari. Na ilikuwepo familia ya Annii, watu wa hapa, ambao wafanyakazi wao walifika mbali zaidi. Mtumwa wa Publio Annius Plocamus aitwaye Lysas alichonga jina lake kwenye mwamba wa jangwa la Misri mwaka 6 BK, njiani kuelekea Bahari ya Shamu. Mwingine, mtumwa aliyeachwa huru na Annius Plocamus, mwandishi wa Kirumi Plinio anasema alichukuliwa na upepo akizunguka Uarabuni, na siku ya 15 akajikuta Taprobane, ndiyo Sri Lanka ya leo. Hiyo ni bahari yetu. Karne hiyohiyo nahodha mmoja wa Misri aliandika mwongozo wa safari unaotaja pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki yetu, na soko la Rhapta, penye pembe za ndovu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 28, Paulo anasafirishwa kama mfungwa kupelekwa Roma. Meli yake ilikuwa ya Aleksandria. Wanafika Regio, wanakaa siku moja, upepo wa kusini unavuma, na siku ya pili wanashuka Puteoli, ambako wanawakuta ndugu na kukaa nao siku saba. Signora alinisomea aya hiyo kwa Kiitaliano jioni moja. Nikafungua ya kwetu kwenye simu nikamsomea kwa Kiswahili, na nilipofika kwenye upepo, neno ni kusi. Nikamweleza kusi ni nini kwetu: ni miezi ya bahari kuchafuka, ni wavuvi kukaa nyumbani wakishona nyavu, ni mama kupima unga. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hata hapa upepo ule ukivuma goti lake hujua.

Ostia ilipopata bandari nzuri, kwanza ya Kaisari Klaudio kisha ya Kaisari Trajano, meli za ngano zikaanza kuhamia huko. Biashara ikapungua. Halafu mji ukaanza kuzama.

Hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu bila kuielewa ardhi huwezi kumwelewa Signora. Pozzuoli umekaa katikati ya volkeno. Si mlima, bali bonde kubwa lenye upana wa zaidi ya kilomita 12, lililoporomoka baada ya milipuko mikubwa, mmoja kama miaka 40,000 iliyopita na mwingine kama miaka 15,000. Wanaliita Campi Flegrei, mashamba yanayowaka. Chini yake gesi na maji ya moto huvimbisha ardhi kama mkate tanurini, kisha huiacha ishuke. Jambo hilo lina jina la Kigiriki, bradisizimu, tetemeko la taratibu.

Ushahidi uko hatua chache kutoka bandarini, kwenye soko la Kirumi lililofukuliwa kuanzia mwaka 1750. Waliofukua waliona sanamu ya Serapi wakadhani ni hekalu, na hadi leo watu wanapaita Serapeo. Hapo zimesimama nguzo tatu za marumaru, zenye urefu wa zaidi ya mita 12 kila moja. Chini ni laini. Kuanzia kama mita 3.6 hivi, kwa ukanda wa karibu mita 2.7, zimetobolewa vitundu vingi mno. Vilitobolewa na kombe wa baharini anayekula jiwe na kulifanya nyumba. Maana yake soko hili lilijengwa nchi kavu, likazama mpaka kombe wakaishi mahali ambapo leo hata ukiruka hufiki, kisha likapanda tena, na muda wote huo nguzo hazikuanguka. Mwanajiolojia Charles Lyell aliweka mchoro wa nguzo hizi mwanzoni mwa kitabu chake cha jiolojia cha mwaka 1830, kuwathibitishia watu kwamba nchi hupanda na kushuka bila gharika. Nimezitazama nguzo hizo mvua ikinyesha na jua likiwaka. Sijaona kitu kilichonifanya nijisikie mdogo namna ile.

Mwaka 1538 ardhi ilipanda kwa kasi hadi bahari ikarudi nyuma, watu wakaokota samaki mchangani. Tarehe 29 Septemba ikapasuka. Kwa muda wa wiki moja mlima mzima ukazaliwa, wenye urefu wa zaidi ya mita 130, na kijiji cha Tripergole kikafukiwa. Unaitwa Monte Nuovo, mlima mpya, na sasa umeota misonobari. Wakazi walikimbia. Don Pedro de Toledo, aliyetawala Napoli kwa niaba ya Hispania, aliwasamehe kodi na akajijengea nyumba yake hapahapa ili warudi. Nataka msomaji akumbuke hilo: aliyetaka watu warudi alikuja kukaa nao.

Sasa nirudi Rione Terra. Kileleni kulikuwa na hekalu la Augusto, la marumaru, lililogharamiwa na tajiri Lucio Calpurnius na kujengwa na msanifu Cocceius. Wakristo walilifanya kanisa la mtakatifu Proculo. Katika karne ya 17 askofu Martín de León y Cárdenas akalivika kanisa kuu la mtindo wa zama zake, lipu na mapambo, hekalu likapotea ndani ya kuta. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Mei 1964 kanisa likashika moto. Signora alikuwa na miaka 20. Anasema walipitisha ndoo kutoka mkono hadi mkono, anasema kengele zililia zenyewe kwa joto, anasema mama yake alipiga magoti barabarani na nguo ya kulalia. Asubuhi, lipu ilipokuwa imedondoka, nguzo za Kirumi zilikuwa zimesimama ndani ya moshi. Hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuziona hivyo. "Tulikuwa tumesali mbele yake miaka yote," ananiambia, "na zilikuwa zimejificha."

Miaka sita baadaye, tarehe 2 Machi 1970, watu wa Rione Terra waliondolewa. Ardhi ilikuwa inapanda tena, nyumba zimepasuka, na ikahofiwa kwamba volkeno italipuka. Walikuwa kama watu 3,000, wengi wao wavuvi na maskini, wakiishi wamebanana juu ya mwamba. Askari walikuja na mabasi na malori. Signora alikuwa na miaka 26 na mtoto mchanga kifuani. Waliambiwa wachukue vya siku chache. Alichukua nepi, sufuria moja na picha ya harusi. Mama yake alirudi kufunga mlango kwa ufunguo, na ufunguo huo ninaufuta vumbi mimi kila Ijumaa, maana uko kwenye kabati la vyombo hapa Toiano, mtaa waliojengewa mbali na bahari.

Mlipuko haukuja. Ardhi ilipanda mita 1.7 hivi, ikatulia. Lakini hakuna aliyerudishwa. Nyumba zilikaa wazi, zikaibiwa milango na marumaru, paa zikaanguka. Mwaka 1982 ardhi ikaanza tena, ikapanda mita 1.8 nyingine kwa miaka miwili, na baada ya tetemeko la tarehe 4 Oktoba 1983 watu kama 40,000 waliondolewa katikati ya mji, wengi wakahamia Monteruscello, mji uliojengwa haraka kwa ajili yao. Bandari ilikuwa imepanda kiasi kwamba boti zilining'inia chini ya gati, ikabidi lijengwe gati jingine la chini zaidi.

Na mwaka 1993, watu wakiwa hawapo, ukarabati wa mwamba ukaanza, na chini ya stoo zao ukafunguliwa mji wa Kirumi niliotembelea. Kanisa kuu lilifunguliwa tena Mei 2014, na ni zuri: nguzo za hekalu zimeachwa wazi, kati yake kumewekwa vioo, na waumini wanakaa ndani ya marumaru ya Augusto. Nililia nilipoingia. Sioni aibu kusema hivyo. Kazi iliyofanywa pale ni ya heshima kubwa kwa mawe.

Lakini nilipotoka nje nilisikia kitu kikinikaba. Nyumba zimepakwa rangi, madirisha yamenyooka, vichochoro vimefagiwa. Hakuna kamba ya nguo hata moja. Mtu yeyote anayeijua Napoli ataelewa nasema nini. Hakuna harufu ya kitunguu, hakuna mtoto anayeitwa kwa sauti kutoka ghorofani. Tulipokuwa shule tulipelekwa Gede kuona magofu msituni, na mwalimu akatuambia kwamba waliohama hatujui majina yao. Hapa majina yanajulikana. Mmoja wao ananisubiri nyumbani nimpikie tambi. Ninaamini barabara ile ya Kirumi inastahili kuonekana na dunia nzima, na ninaamini vilevile kwamba waliolipia gharama yake hawakuulizwa bei, kisha wakaletewa tiketi. Imani hizo mbili sijaweza kuzipatanisha, wala sitaki kujilazimisha.

Ardhi inapanda tena tangu mwaka 2005, na imeshapita mita 1.3. Tarehe 20 Mei 2024 lilitokea tetemeko la kipimo cha 4.4, nyumba nyingine zikahamwa. Usiku wa tarehe 13 Machi 2025, saa saba na dakika 25, likaja la 4.6. Niliamka nikiwa nimeshasimama, vikombe vikivunjika jikoni. Nilimkuta Signora ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu vimeshafungwa, mkoba mapajani. Analala na viatu kando ya mto tangu mwaka 1983. Tulikaa garini mwa jirani hadi alfajiri. Hakusema chochote kuhusu nyumba yetu. Kulipokucha alinituma bandarini nikaangalie kama zile nguzo tatu bado zimesimama. Zilikuwa zimesimama. Katika bandari ndogo ya wavuvi boti zilikuwa zimelalia ubavu kwenye tope, kina kikiwa kimepungua.

Picha za Oktoba sikuwa nimemwonyesha. Nilihofia kumuumiza. Wiki iliyopita akaniomba mwenyewe, tukiwa tunamenya maharage. Nikampa simu, nikamfundisha kukuza picha kwa vidole viwili. Akapita tanuri, akapita mawe ya kusagia, akapita barabara, hajali. Kisha akasimama kwenye picha moja niliyoipiga bila mpango, ya tao la tufu lenye ndoano ya chuma iliyoshika kutu juu yake. Mimi nilidhani ni ya wachimbaji.

"Hapo tulitundika nyanya za majira ya baridi," akasema. "Ndoano ni ya baba. Aliipigilia mwaka niliopata komunyo."

Akaikuza picha zaidi, mpaka ikawa ukungu mtupu. Akaniuliza kwa nini sikupiga ukuta wa kushoto. Nikamwambia sikujua kama kuna kitu. Akasema chini kidogo ya usawa wa kiuno, karibu na pembe, kuna mistari ya makaa, kila mstari na tarehe, walikuwa wakimpima urefu yeye na kaka zake. Labda imefutika, akasema, lakini mkaa ndani ya tufu haufutiki upesi.

Nimeshakata tiketi ya Jumamosi. Nimenunua na tochi.